Ncha Moja Haijaonekana

Niseme mapema kabisa, usije ukaniambia baadaye kwamba nilikuficha: ile sumaku niliichoma mimi. Hakuna shetani aliyenituma, na wala sikuwa mlevi. Nilikuwa nafundisha.

Nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Mtu anayesubiri matokeo ni kama nguo iliyoanikwa, haijavaliwa wala haijakunjwa, ipo tu inapepea. Nilipepea nyumbani miezi miwili. Nikatengeneza redio ya baba, ikanyamaza moja kwa moja. Nikatengeneza mlango wa choo, ukawa haufungi, na baba ni mtu wa heshima zake. Mwishoni tukawa hatusemeshani, nasikia tu koo lake likisafishwa upande wa pili wa ukuta. Akanituma kwa dada yake. "Nenda kwa shangazi yako," alisema, na hiyo ndiyo sentensi ndefu niliyopata kwake mwezi ule.

Shangazi ana chumba cha ushonaji. Ndani kuna cherehani mbili nzima na moja ya kutolea vipuri, meza ndefu ya kukatia, pasi, kabati, na dirisha linalotazama karakana ya mchomeleaji. Kazi kubwa pale ni mablanketi ya vichanga, yale madogo ya tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati, yanayopelekwa wodi ya wazazi. Anayeshona na Shangazi ni mama mmoja tunayemwita Mama Reli, kwa sababu mshono wake umenyooka kama reli. Ana ulimi pia, na wenyewe haupindi.

Sasa, pale kuna sheria moja ambayo usipoijua hutaelewa kilichonipata. Sindano ya cherehani ikivunjika, hupewi mpya mpaka ulete vipande vyote vya ile ya zamani. Vyote. Unavipanga kwenye daftari, ncha, tumbo na kisigino, unavilinganisha na sindano nzima, halafu unavibandika kwa selotepu. Pembeni unaandika tarehe na aliyevunja. Mama Reli analiita lile daftari makaburi. "Leo nina msiba," anasema akivunja, na wote tunapiga magoti chini kutafuta. Maana blanketi analala nalo mtoto wa siku moja, ambaye hajui kusema "mama, kuna kitu kinanichoma". Ncha isipoonekana, furushi zima haliondoki.

Na kinachotafuta ncha ni sumaku. Ilikuwa pete nyeusi iliyotoka kwenye spika kubwa iliyokufa, upana wake kama mdomo wa kikombe, imefungwa utepe mwekundu. Unaiburuta taratibu juu ya blanketi, na kama kuna chuma ndani, unasikia mkono unavutwa kidogo, halafu tik. Nguvu yake inapita kwenye kitambaa na pamba bila hodi. Kazi hiyo alinipa mimi, eti nina macho. Ukweli ni kwamba nilikuwa tayari nimeunguza kitambaa cha mablanketi sita kwa pasi, na alitaka nishike kitu kisicho na moto.

Siku ile ya pasi hakunipigia kelele. Alizima, akachomoa waya, akaniambia, "Mtoto wa kaka yangu, kimoja tu. Ukiharibu kingine kimoja, begi lako njia inaijua."

Nikasema, "Sawa, Shangazi." Na nilimaanisha. Kurudi kwa baba, kwenye lile koo, sikutaka.

Basi, masomo. Shangazi ana binti wa darasa la tano anayeitwa Kwanini. Jina lake la shule lipo, lakini ukikaa naye dakika tano utajua hili lilitoka wapi. Shuleni kwao walikuwa wamefika kwenye sumaku, na hakuelewa. Akaja kwangu uani na wenzake wanne, na daftari, na maswali. Nikajiona mtu. Nilikuwa sijajiona mtu tangu mtihani wa mwisho.

Nilifundisha vizuri, sijisifu. Nilikusanya vitu vya Shangazi, kifungo cha plastiki, mkasi, sufuria ya alumini, pini, zipu ya shaba, nikasema kila mmoja aseme kabla hatujajaribu ni kipi kitanaswa. Wote wakasema sufuria, kwa sababu ni kubwa na inang'aa. Sumaku ikaikataa sufuria, ikaikataa zipu, ikaruka kwenye pini. "Kumbe haipendi wanaong'aa," akasema mmoja. Nikamwambia haihusiani na kung'aa. Inapenda chuma na ndugu zake wachache tu.

Nikaenda kwa mchomeleaji kuomba unga wa chuma unaodondoka anapopiga msasa. Nikaweka sumaku chini ya karatasi, nikanyunyiza, nikagonga karatasi kwa kidole. Ule unga ukajipanga wenyewe, mistari iliyopinda kama nywele zilizochanwa. "Huo ndio uga wa sumaku," nikasema. "Eneo lote ambalo nguvu yake inafika, hata kama huioni."

"Kwa nini unaitwa uga? Wanacheza mpira?" Huyo ni Kwanini.

"Ndiyo. Na chuma ndiyo mpira."

Tukaja kwenye ncha. Kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Zinazofanana zinafukuzana, zisizofanana zinavutana. Nilikuwa na vipande viwili vidogo vya sumaku kutoka mlango wa kabati bovu. Wakavisukumiza wakicheka, kimoja kinamkimbia mwenzake mezani kama anamdai. Ukivunja sumaku katikati, nikawaambia, hupati kipande cha kaskazini na kipande cha kusini. Kila kipande kinakuwa na ncha zake mbili. Huwezi kukiacha na moja.

Wakaandika. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini Alhamisi ile Kwanini akauliza, "Sumaku inaweza kufa?"

"Inaweza. Ukiipiga nyundo sana, au ukiichoma."

"Kwa nini?"

Nikawaeleza. Ndani ya sumaku kuna visumaku vidogo mno, vyote vimetazama upande mmoja, kama nyinyi mstarini asubuhi mwalimu mkuu akiwepo. Joto linavitikisa. Kila kimoja kinageukia kwake, huyu anatazama dirishani, yule anamsukuma mwenzake, mstari hakuna. Na mstari usipokuwepo, nguvu hakuna.

"Ikipoa je?"

Hapo sasa. Hapo nilitakiwa kusema sijui. Neno fupi tu, lina herufi tano. Lakini macho kumi yananitazama, na mimi ndiye mwalimu. Nikasema, "Ikipoa inarudi. Wanarudi mstarini."

"Tuone!"

Jiko la mkaa lilikuwa pale uani, Shangazi alikuwa amepeleka vipimo kwa mteja, Mama Reli amekwenda kununua uzi. Nikaifungua sumaku utepe, nikaishika kwa koleo, nikaizika kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu. Nikaitoa, nikaisogeza kwenye pini. Pini hazikutikisika. Watoto wakapiga makofi. Nikainama kama msanii jukwaani.

Tukaiacha ipoe, pole pole, nisiipasue kwa maji. Ikapoa. Nikaishusha kwenye pini.

Hakuna.

Nikaigeuza. Nikaifuta. Nikaipulizia, sijui kwa nini niliipulizia. Iliokota pini moja kwa huruma, ikaidondosha.

"Bado ina joto ndani," nikawaambia watoto. "Nendeni nyumbani."

Lakini haikuwa na joto. Nilikuwa nimeishika kiganjani, imepoa kama jiwe la mtoni. Wale wadogo wa ndani walipoa palepale walipokuwa wametawanyika, kila mmoja ametazama kwake, na hakuna wa kuwarudisha mstarini. Ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaipaka kiwi nyeusi ya viatu, nikaing'arisha, nikaifunga utepe wake mwekundu, nikaitundika kwenye msumari wake. Nikajiambia nitatafuta spika nyingine bovu, nibadilishe, nani atajua? Kesho.

Kesho, saa nne asubuhi, Mama Reli akavunja sindano.

Ilikuwa kwenye kona ya blanketi, pale mkanda wa pembeni unapojikunja na kitambaa kinakuwa cha tabaka nne. Kak. Akainua mguu kwenye pedali.

"Nina msiba," akasema.

Kisigino kilikuwa bado kimeshikwa na skrubu. Tumbo lilidondoka mezani. Ncha haikuwepo. Ni kitu kidogo, kama nusu ya punje ya mchele, lakini chembamba na kikali.

"Wewe mwenye macho," akasema Shangazi, "pitisha sumaku."

Mablanketi arobaini yalikuwa mezani, Mama Reli alikuwa anamalizia pembe moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye furushi, gari la wodi linakuja saa sita. Nikaitoa sumaku msumarini. Nilinusa kiwi. Nikadhani na wao wanainusa.

Nikaiburuta juu ya lile blanketi. Mkono wangu ulikwenda mwepesi kama naparaza meza.

"Hamna," nikasema.

"Pitisha tena kwenye kona," akasema Mama Reli. "Mimi nimesikia sauti. Haikuruka ile, imezama."

"Una masikio ya kusikia sindano inazama?"

"Mwalimu, nilianza kushona mama yako hajaota meno. Ikiruka inalia tii. Ikizama inasema kak. Pitisha."

Nikapitisha kwenye kona. Nikapitisha kwenye yote arobaini, moja moja, mbele ya macho yao wawili, na uso nimeukaza kama daktari. Unajua ni muda gani kuyapitishia mablanketi arobaini jiwe? Nilipata nafasi arobaini za kusema. Kila nikiinua moja najiambia, nikimaliza hili. Nikamaliza hili.

"Pitisha sakafuni," akasema Shangazi. Nikapitisha sakafuni.

Mama Reli akaniangalia. "Hata pini moja haijaokota? Sakafu hii?"

"Nilifagia asubuhi."

"Wewe? Ulifagia?"

Shangazi alikuwa amesimama dirishani, na dirisha lilikuwa wazi. "Itakuwa imetoka nje," akasema. "Imepaa kwa mchomeleaji, pale ina ndugu zake wengi." Lakini hakucheka mwenyewe. Akaendelea kusimama. "Kama ingekuwa ndani, sumaku ingeiona. Sumaku haina sababu ya kunidanganya."

"Dada," akasema Mama Reli, "sheria ni yako. Ncha isipoonekana, mzigo hauondoki."

"Sheria nilipoiweka sikuwa na sumaku. Sasa imepita yote, mara mbili. Kuna watoto kule wamelazwa kwenye khanga za mama zao, zimelowa." Akanigeukia. "Una uhakika?"

Yaani aliniuliza kabisa. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa.

"Nina uhakika, Shangazi."

Akachukua daftari, akabandika kisigino na tumbo, akaacha nafasi ya ncha, akaandika: *Ncha moja haijaonekana. Sumaku imepita.* Upande wa aliyevunja akaandika Mama Reli. Mama Reli alitazama jina lake likiandikwa, akavaa viatu vyake, akaenda kunywa maji nje. Saa sita gari likachukua mzigo.

Usiku nilikula. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilikula na nikaongeza.

Jumamosi saa tatu wale watoto wakaja uani kwa somo. Nilitaka kuwaambia naumwa. Kwanini akawa amekuja na daftari la mama yake kutoka ndani, la sindano, anataka kurasa za nyuma achore mistari ya uga. Akalifungua kwenye ukurasa wa jana.

"Kaka," akasema, "ulisema ukivunja sumaku, ncha haipotei. Kila kipande kinapata nyingine."

"Ndiyo."

"Na hii sindano mbona ncha yake imepotea?"

"Hiyo ni ncha nyingine. Ni neno moja tu, vitu viwili."

"Kwa nini?"

"Ncha ya sindano ni ile inayochoma. Ikivunjika inakwenda mahali. Haiwezi kutokuwepo."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Haiwezi kutokuwepo. Kwanini akaniangalia, akasubiri niendelee, maana ilikuwa kama sentensi ya somo. Akaniuliza, "Sasa imekwenda wapi?" Halafu, maana yeye ana kichwa, akageuka akatazama lile jiko, akatazama tena daftari palipoandikwa *Sumaku imepita*. Midomo yake ikafunguka. Hakuuliza kwa nini. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona hakuuliza.

Nikaingia ndani. Shangazi alikuwa anakata kitambaa, Mama Reli anavika uzi.

"Shangazi. Ile sumaku imekufa. Niliichoma Alhamisi. Jana ilikuwa haioni kitu."

Mkasi ukaendelea kama shubiri nzima kisha ukasimama. Nadhani alimaliza mstari kwa sababu mikono haikuwa imesikia.

Akaenda msumarini, akaitoa, akaishusha kwenye kisahani cha pini. Akaiinua. Pini zote zililala zilivyo. Akavitazama vidole vyake, vimekuwa vyeusi.

"Umeipaka kiwi," akasema.

"Ndiyo."

"Umekaa ukaipaka kiwi." Alirudia kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha. Mama Reli hakusema *si nilisema*. Ningefurahi angesema. Alishaanza kufunga kitambaa kichwani.

"Tunahitaji sumaku nyingine," akasema. "Sasa hivi. Maneno baadaye."

Ninayo spika. Ninayo, nilikuwa nayo. Niliinunua kwa jasho langu nikiwa kidato cha tatu, na ndiyo kitu pekee nilichokuja nacho ambacho nilijua kukitengeneza na kikatengenezeka. Nikaitoa chini ya kitanda, nikakata karatasi yake kwa kisu, nikapiga fremu kwa patasi, pole pole, maana nyundo nayo inaua sumaku. Pete ikatoka. Kabla sijaishusha, pini tatu zikaruka zenyewe kutoka kwenye kisahani. Shangazi akaipokea bila kuniangalia.

Wodi haiko mbali. Tulikwenda kwa miguu, Shangazi mbele, mimi nyuma, Mama Reli katikati kama ukuta. Muuguzi aliyekuwa zamu alisikiliza akiwa amesimama, kalamu mkononi.

"Mnaniambia kuna sindano kwenye blanketi la mtoto."

"Kipande," akasema Shangazi. "Huenda."

"Huenda lipi?"

"Hatujui. Ndiyo maana tumekuja."

"Na mlijua tangu lini?"

Shangazi angeweza kunionyesha kidole. Alisema, "Jana. Kosa ni la kwetu." Nikatamani sakafu ifunguke, lakini ilikuwa ya vigae.

Kabatini kulikuwa na thelathini na mawili. Nikapitisha sumaku kwenye yote, na safari hii mkono ulikuwa mzito, unauhisi uga wenyewe ukitafuta. Nikikaribia ukingo wa kitanda cha chuma, inavuta. Nikikaribia mkasi wa muuguzi, inavuta. Kwenye mablanketi, hakuna. Tukapita kitanda kwa kitanda, muuguzi anawaeleza wale mama kwa sauti ya chini, nao wanawainua watoto haraka haraka kana kwamba kitanda kimeshika moto. Saba mengine. Hakuna.

"Thelathini na tisa," akasema Mama Reli.

Muuguzi akafungua kitabu chake. "Mmoja ametoka asubuhi. Mama yake ana haraka ya nyumbani." Akatuandikia mtaa kwenye kikaratasi, akatuambia tukirudi bila jibu asituone.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, nguo za mtoto zimejaa kamba. Kabla hatujabisha tulisikia kilio. Siyo cha njaa. Mimi sijui vilio vya watoto, lakini Mama Reli alisimama ghafla, akashika ukuta.

"Hodi!"

Bibi wa mtoto akafungua. Shangazi akaamkia, nami nikaamkia, akaitikia huku akitutazama mikononi, maana wageni wa mtoto huja na kitu, na sisi tulikuja na chuma cheusi cha duara.

"Karibuni. Mjukuu wangu amelia tangu jana jioni, kule wodini. Sijui tumbo. Ukimshika ananyamaza, ukimlaza anaanza upya."

"Akilazwa," akasema Mama Reli.

"Akilazwa tu."

Mama mtu alikuwa kitandani, msichana wa rika langu, macho mekundu. Blanketi la maua ya njano, mshono kama reli. Shangazi akaomba mtoto afunguliwe. Alieleza yote, hakufupisha. Yule msichana alimvuta mtoto kifuani na kulitupa blanketi mbali, likaangukia miguuni kwangu.

Nikapiga magoti. Nikaanzia katikati, maana kona niliogopa. Katikati hakuna. Kona ya kwanza hakuna. Ya pili. Ya tatu, mkono ukavutwa, na kitambaa kikainuka kama kuna kidole chini yake.

Tik.

Ilikuwa imetokeza kwa upande wa ndani, kidogo sana, inameta. Bibi akachukua mtoto, akamgeuza. Nyuma ya shingo, chini ya nywele, palikuwa na mikwaruzo. Siyo mmoja. Sikuhesabu, lakini niliona kwamba haikuwa mmoja. Mwingine ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu.

"Mimi nikampa maji ya sukari," akasema bibi, polepole. "Nikamlaza tena juu yake. Alikuwa analia, namlaza tena juu yake."

Yule msichana alinitazama mimi. Sijui alijuaje. "Wewe ndiye unayekagua?"

"Ndiye mimi."

"Ulikagua?"

Nilitaka kueleza. Joto, visumaku, mstari. Nilikuwa na somo zima mdomoni.

"Hapana," nikasema.

Tuliwarudisha wodini, mtoto akasafishwa pale penye jeraha, akapakwa dawa, muuguzi akasema atapona, mrudishe Jumatatu nione. Sisi hakutuaga. Njiani kurudi Shangazi alibeba blanketi limekunjwa kwapani, na mimi nimeshika sumaku, na ncha imeng'ang'ania pale pale ilipojibandika. Kila mlango wa chuma tuliopita, mkono wangu uliusikia.

Ndani, nikafungua daftari. Nikaibandua ncha, nikaiweka kwenye nafasi yake juu ya tumbo na kisigino, nikaweka sindano nzima pembeni.

"Imetimia," nikasema.

"Nipe nione mwenyewe," akasema Mama Reli.

Akakaa. Akavaa miwani. Akazipanga upya, akalinganisha, akaangalia kwa mwanga wa dirisha, akalinganisha tena. Mara tatu. Zamani ningesema kitu, *mama, si unaona*, na yeye angenijibu kuhusu meno ya mama yangu. Nilimshikia daftari lisijifunge. Aliporidhika akabandika selotepu mwenyewe. Akachukua ile sumaku mpya, ile ya kwangu, akaitia utepe, lakini hakuitundika msumarini. Akaivaa shingoni.

Shangazi akafuta *Sumaku imepita* kwa mstari mmoja ulionyooka, akanipa kalamu. "Andika lako chini. Kwa mkono wako." Nikaandika tarehe, nikaandika *Sumaku ilikuwa imekufa*, na upande wa aliyevunja nikaandika mimi.

"Nimempigia baba yako," akasema.

"Amesemaje?"

"Amesafisha koo." Hakucheka, na mimi sikucheka. "Unakwenda Jumapili ijayo, siyo kesho. Jumatatu utakwenda wodini kumwona mtoto, na yule mama atakachokuambia utakipokea. Na wale watoto wa uani uliwaambia nini? Kwamba ikipoa inarudi?"

"Ndiyo."

"Wana mtihani Ijumaa. Utawarekebisha kwanza."

Walikuwa bado wako uani, hawakuondoka. Walikuwa wamekaa kwenye benchi, daftari magotini, ile sumaku iliyokufa iko katikati yao na pini zimemwagwa juu yake, hakuna hata moja iliyoshika. Kwanini alikuwa ametenga nafasi upande wa juu wa karatasi.

"Andikeni," nikawaambia. "Sumaku ikichomwa mpaka ikafa, ikipoa hairudi. Niliwaambia inarudi. Nilikuwa sijui."

Kalamu zikaandika. Ya Kwanini ikasimama.

"Kama ulikuwa hujui," akasema, "kwa nini ulisema?"

Wengine wakaacha kuandika, wakasubiri jibu, ili nalo waliandike.